Kumhamishia fereti mgeni kwenye nyama mbichi: dalili, vyanzo na hatua za kuchukua

Fereti, yule mnyama mdogo mwembamba wa kufugwa, aliyeingia nyumbani juzi na leo akawekewa bakuli la nyama mbichi amebadilishiwa mambo mawili kwa mpigo, na akianza kuhara au kususia chakula hakuna anayeweza kujua ni lipi kati ya hayo lililomsumbua. Hapo ndipo matatizo mengi ya zoezi hili yanapochimbuka. Mtu huilaumu nyama wakati kosa ni la safari na makazi mageni, au humwona mnyama kuwa mbishi wakati meno yanamuuma, kisha hubadilisha aina ya nyama, ratiba na mahali pa kulia siku hiyo hiyo, na kesho yake hana tena cha kushika. Kanuni ninayoifuata ni kusoma dalili kwanza, kutafuta chanzo chake, halafu kufanya badiliko moja tu na kulisubiri lijibu.

Fereti ni mla nyama asiye na mbadala. Yumo katika familia moja na kicheche, nyegere na fisi-maji. Utumbo wake ni mfupi, hana sekamu, yaani kifuko cha utumbo ambacho wanyama wengine hukitumia kuchachushia majani, na chakula humpitia kwa muda wa saa 3 hadi 4 tu tangu kinapoingia mpaka kinapotoka. Maumbile hayo ndiyo yanayoifanya nyama imfae kuliko wanga, lakini ndiyo hayo hayo yanayomfanya ashindwe kuvumilia njaa na kusababisha tatizo lililoanza asubuhi liwe kubwa ifikapo jioni. Ni haki pia kusema kwamba madaktari wengi wa wanyama hawaipendekezi nyama mbichi kwa sababu ya bakteria, na hofu yao ina msingi. Katika nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito au mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, chakula kikavu kizuri chenye nyama nyingi ni uamuzi wa busara, wala hakimdhulumu mnyama.

Kabla ya kipande cha kwanza

Mpe mgeni wako wiki 2 akila chakula kile kile alichokizoea alikotoka, hata kama hukipendi. Katika siku hizo mpeleke kwa daktari akaguliwe meno na kinyesi, na mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, akiwa ndani ya bakuli lenye kina ili asitoroke kabla namba haijatulia. Jike mzima huwa na uzito wa gramu 600 hadi 1,000 hivi, na dume kilo 1 hadi 2, lakini namba yenye thamani si hiyo ya vitabuni, ni ile ya mnyama wako mwenyewe katika siku zake za utulivu. Asiyekuwa na namba hiyo hutatua matatizo yote yanayofuata kwa kubahatisha.

Usianze kabisa iwapo mnyama anahara, anatapika, ametoka kwenye upasuaji, au anatibiwa kwa uvimbe wa kongosho unaoshusha sukari ya damu. Ugonjwa huo huwapata sana fereti waliovuka umri wa miaka 3, na fereti wanaochukuliwa wakiwa wakubwa mara nyingi huja na umri wa kukisia, kwa hiyo kipimo cha sukari ya damu kabla ya kuanza si anasa.

Dalili: anainusa nyama na kuondoka

Mtazame kwa makini anavyokataa, kwa sababu namna ya kukataa inasema mengi. Fereti asiyeitambua nyama kuwa chakula huikaribia bila woga, huinusa mara mbili tatu, huisukuma kwa pua, na pengine hukwaruza sakafu pembeni ya bakuli kana kwamba anafukia uchafu, kisha huenda zake kucheza. Huyo si mgonjwa wala mkaidi. Fereti hujifunza harufu ya chakula katika miezi ya mwanzo ya maisha, na baada ya umri wa miezi 6 hivi kila chenye harufu ngeni kwake si chakula, hata kikiwa nyama nono kuliko zote. Aliyekulia punje kavu za chakula cha dukani peke yake anaona nyama kama wewe unavyoona sabuni: kitu chenye harufu, kisicholiwa.

Dawa yake ni kuifanya harufu mpya ijifiche ndani ya harufu ya zamani. Saga punje alizozizoea ziwe unga, zichanganye na maji ya vuguvugu mpaka upate uji mzito, na siku 3 za mwanzo mpe uji huo bila nyama yoyote, maana kula kitu kilicholowa ni somo linalojitegemea. Akishaulamba bila kusita, tia kijiko cha chai kimoja cha nyama mbichi ya kusaga ndani ya uji wote. Ongeza nyama na punguza unga kila baada ya siku 3 au 4, na akikataa hatua mpya rudi hatua moja nyuma, ukae hapo wiki nzima kabla ya kujaribu tena. Wengine humaliza safari hii kwa wiki 3. Wengine huchukua miezi, hasa wakubwa.

Joto la chakula lina nguvu ambayo watu huipuuza. Nyama iliyotoka kwenye jokofu haina harufu ya kutosha kumvuta, kwa hiyo itie katika mfuko na uuweke ndani ya bakuli la maji ya moto kidogo mpaka nyama ikaribie joto la mwili. Usiipashe kwa mawimbi ya maikrowevu ikiwa ndani yake mna mfupa, kwa sababu mfupa ulioiva huwa mgumu na hukatika vipande vyenye ncha. Akiendelea kusita, paka uji kidogo kwenye kidole na umguse nao mdomoni kwa wepesi ili aulambe mwenyewe. Mara nyingi hukunja uso mara ya kwanza, na mara ya nne hufuata kidole hadi bakulini.

Mbinu moja naikataa waziwazi, nayo ni kumnyima chakula mpaka asalimu amri. Paka na mbwa wenye afya huweza kuruka mlo bila madhara makubwa, lakini fereti aliyekaa saa nyingi bila kula hushuka sukari, na aliye na uvimbe wa kongosho usiojulikana anaweza kuzirai. Kumwondolea bakuli kwa saa 2 au 3 ili awe na hamu kabla ya mlo wa majaribio kunatosha kwa kijana mwenye afya, na baada ya jaribio hilo, hata likishindikana, arudishiwe chakula chake cha kawaida. Mzee na mgonjwa wasifungishwe hata kidogo.

Namna ya pili ya kukataa ni tofauti. Huyu huja mbio, huuma kipande, hukidondosha, hukizunguka, na hujaribu tena kwa upande mmoja wa mdomo. Anakitaka ila hakiwezi. Chunguza kama ana jino lililovunjika, ufizi mwekundu au harufu mbaya mdomoni, na mpe nyama ya kusaga mpaka daktari amwone.

Dalili: bakuli linamalizika, uzito unashuka

Hili linawachanganya wengi, na chanzo chake mara nyingi kiko nyuma ya kabati. Fereti ni mweka akiba. Jike mmoja wa gramu 740 niliyemlea alikuwa akimaliza bakuli lake ndani ya dakika 5 kila jioni na bado akapoteza gramu 45 kwa siku 6, hadi harufu iliponiongoza kwenye kona ya nyuma ya kochi, ambako vipande 11 vya moyo wa kuku vilikuwa vimepangwa juu ya soksi yangu. Alikuwa anakula punje usiku na kuzika nyama jioni. Tangu hapo humlisha mgeni katika eneo dogo lisilo na maficho, na namwangalia akimeza.

Kama hafichi, basi angalia kiasi na mafuta. Fereti mzima huhitaji nyama mbichi ya takriban asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 40 hadi 80 kwa jike wa gramu 800, ikigawanywa katika milo kadhaa. Mtoto anayekua huhitaji hata mara mbili ya hapo. Minofu ya kidari cha kuku iliyotolewa ngozi ina mafuta machache mno kwa mnyama huyu anayechoma nguvu haraka, na kumwachia ngozi kiasi mara nyingi hutosha kusimamisha uzito. Kumbuka vilevile kwamba fereti, madume hasa, hunenepa majira ya baridi na kupungua joto linaporudi. Hata hivyo, upungufu wa asilimia 5 katika wiki moja ni ishara ya kusimama kwenye hatua uliyopo, na ukifika asilimia 10 rudisha chakula cha zamani chote na umpeleke kwa daktari.

Kinyesi: jinsi ya kukisoma

Fereti anayekula nyama mbichi vizuri hutoa choo kidogo kuliko cha mwenye kula punje, chenye rangi ya kahawia iliyokolea, kilichoshikana, na kisicho na harufu kali. Katika siku za mpito, ambapo vyakula viwili vimechanganyika tumboni, choo laini kwa siku 2 au 3 hakihitaji hatua yoyote isipokuwa kuacha kuongeza nyama mpaka kitulie.

Choo cheupe, kikavu, kinachomeguka kama chaki na kumfanya mnyama ajikaze kinatokana na mfupa kuzidi. Punguza mfupa kwa nusu na uongeze nyama laini. Kitabadilika ndani ya siku moja au mbili. Choo kinachotiririka na kunuka baada ya mlo wa maini ni kinyume chake: viungo vya ndani vimezidi au vimeingizwa ghafla mno. Ini lianze kwa kipande kisichozidi ukucha wa kidole kidogo.

Chembechembe za rangi ya manjano au krimu zinazofanana na mbegu humaanisha kwamba chakula kinapita bila kumeng'enywa vizuri. Zikionekana mara moja baada ya mlo wenye mafuta mengi hazitishi, lakini zikidumu zaidi ya siku chache huashiria utumbo uliovimba, na hapo kubadilisha aina ya nyama hakutaponya kitu.

Rangi ya kijani ndiyo yenye maelezo mengi zaidi. Kijani kidogo kwenye choo kilichoshikana kwa kawaida ni nyongo iliyopita haraka, kwa sababu mnyama hakula vya kutosha au ana wasiwasi wa makazi mapya. Kijani kibichi chenye utelezi mwingi, kinachotoka kwa wingi na kuambatana na kulala kupita kiasi, ni jambo jingine. Tangu 1993, ulipoelezwa kwa mara ya kwanza mashariki mwa Marekani, kuna ugonjwa wa kuhara wa fereti unaosababishwa na kirusi cha korona cha wanyama hao, na desturi yake ni ya ajabu: mgeni mdogo huja nao bila kuonyesha dalili yoyote, na siku chache baadaye wenyeji wakubwa ndio wanaoanguka. Kwa hiyo ukiona kwamba anayehara si yule uliyembadilishia chakula bali ni mkongwe wa nyumba ambaye mlo wake haujaguswa, acha kuifikiria nyama. Watenganishe na umpigie daktari, kwa maana mzee anaweza kukaukiwa maji kwa muda mfupi. Usiupime ukavu huo kwa kuvuta ngozi ya shingo peke yake, kwani ngozi ya fereti hapo ni nene na hudanganya; gusa ufizi, na ukinata kidoleni badala ya kuteleza, maji yamepungua.

Choo cheusi kinahitaji utulivu kabla ya hofu. Nyama nyekundu, moyo na bandama hukifanya kiwe cheusi kwa njia ya halali. Chukua kidogo ukipake kwenye karatasi nyeupe ya chooni iliyolowa: kikiacha rangi ya kahawia, endelea na kazi zako; kikiacha wekundu wa kutu, na choo chenyewe kinang'aa na kunata kama lami, hiyo ni damu iliyomeng'enywa. Kidonda cha tumbo ndicho kinachoshukiwa kwanza, na fereti wengi hubeba bakteria aina ya Helicobacter ambao mfadhaiko wa kuhama huwapa nafasi ya kuchokoza. Hilo ni suala la daktari siku hiyo hiyo.

Anajikwaruza mdomo

Ishara hii moja ina vyanzo vitatu, na kukosea kuvitofautisha kuna gharama kubwa.

Ikianza ghafla katikati ya mlo, akiwa macho kabisa, akiachama na kurudi kinyumenyume huku akitumia mikono yote miwili, kuna uwezekano mkubwa kwamba kipande cha mfupa kimekwama kwa kukingama kati ya meno ya juu. Mshike ngozi ya nyuma ya shingo, naye kwa kawaida atapiga mwayo mwenyewe; ukikiona kipande, kisogeze kwa ncha butu ya kijiko kuelekea nje. Ukikosa kukiona, au akipumua kwa shida, usichokonoe. Mgeni apewe mifupa mwisho wa safari nzima, akianza na ile iliyosagwa, kisha ncha za vipapatio vya kuku.

Ikija pindi anapokaribia chakula, au baada ya kukilamba, ikiandamana na kusaga meno na mate mengi, hicho ni kichefuchefu. Tumbo linauma. Mnyama wa namna hii ndiye anayeitwa mchaguzi wa chakula kwa wiki kadhaa kabla ya kidonda kugundulika.

Ikija wakati hajala kwa saa kadhaa, macho yakiwa yameganda yakitazama mbali, miguu ya nyuma ikiburuta na mate yakimtoka, sukari imeshuka. Mpake asali kidogo kwenye ufizi kwa kidole au pamba, bila kummiminia kitu kooni. Akizinduka, mpe chakula chenye nyama anachokikubali mara moja, kwa kuwa sukari hiyo ya asali haidumu na ikipanda haraka huweza kuamsha kongosho limwage insulini zaidi. Kisha mpeleke kwa daktari, hata kama dakika 20 baadaye anarukaruka kama hakuna lililotokea.

Kutapika na kukosa choo

Aliyekula kwa pupa hurudisha vipande vizima dakika chache baadaye, na mara nyingi huvila tena. Mkatie vidogo au umsambazie kwenye sahani pana. Anayetapika mara kwa mara, amelala kwa kujikunja, hatoi choo au anatoa vijiti vyembamba tu, ana kizuizi katika utumbo mpaka ithibitike vinginevyo. Watu hukimbilia kuulaumu mfupa. Uzoefu wa madaktari unaelekeza kwingine: fereti wachanga hupenda kutafuna mpira na sponji, na mgeni aliye katika nyumba ambayo hujaipekua kwa macho yake amekwisha kupata kitufe cha rimoti, soli ya kandambili au kipande cha kochi. Mwulize daktari picha ya eksirei bila kusubiri kesho.

Matatizo yanayochelewa

Fereti anaweza kupita majaribio yote haya, akang'aa manyoya, na bado mlo wake ukawa na pengo litakaloonekana baada ya miezi. Nyama peke yake ina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo mno, na mtoto anayelelewa juu ya minofu mitupu hulegea mifupa. Hesabu ya wiki inayotumiwa sana ni mifupa inayoliwa asilimia 10 hadi 15, viungo vya ndani asilimia 10 huku ini likiwa nusu yake, na iliyobaki misuli, ambamo moyo uwe na nafasi nzuri kwa sababu ya taurini, kirutubisho kilichomo kwa wingi ndani yake. Samaki mbichi wa aina nyingi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo wasiwe mlo wa kila siku.

Nyama ya nguruwe mbichi mimi huiacha nje kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba kirusi cha ugonjwa wa Aujeszky ambao huua fereti. Kuku na bata mzinga nao hawako salama kama zamani: mwaka 2024 nchini Marekani paka alikufa kwa mafua ya ndege ya H5N1 baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichokuwa na kirusi hicho, na fereti hushikwa na mafua kwa urahisi kiasi kwamba wanasayansi humtumia kuyachunguza mafua ya binadamu. Kugandisha nyama huua baadhi ya minyoo, lakini hakuui kirusi hiki wala bakteria. Ukisikia mlipuko wa mafua ya ndege unakokaa, rudi kwenye nyama iliyopikwa isiyo na mfupa au chakula kikavu mpaka upite.

Bakuli liondolewe baada ya saa 2, maficho yakaguliwe kila jioni, na mikono ioshwe kwa sabuni hata baada ya kumbeba tu, kwa sababu mnyama aliyemaliza kula hujipangusa mdomo kwenye nguo zako.

Akigoma hatua ya mwisho

Wapo wanaofika kwenye uji wa nyama na kukataa katakata kutafuna kipande, hasa waliochukuliwa wakiwa na umri wa miaka 4 au 5. Ikiwa uzito umetulia kwa mwezi mzima na choo ni kizuri, huna tatizo la kutatua hapo. Mwache na uji wake wa nyama ya kusagwa pamoja na mifupa, au muulize daktari kipimo cha unga wa mifupa ikiwa nyama unayoipata haina, na umweleze akague meno kila mwaka, kwani mla uji hana kinachomsugua ugaga.